Mwaka Mmoja Nyumbani kwa Watu

Programu za kubadilishana wanafunzi wa sekondari humchukua kijana wa miaka 15 hadi 18 na kumpeleka nchi nyingine kwa mwaka mzima wa masomo, akaishi na familia ya huko na kusoma katika shule ya mtaa huo huo. Kwa vijana wa Kenya na Tanzania, nchi hiyo mara nyingi huwa Marekani, na mlango unaojulikana zaidi ni programu ya Kennedy-Lugar YES, ambayo gharama zake hulipwa na serikali ya Marekani. Majina ya waliochaguliwa yanapotoka, maneno yanayosikika sebuleni na kwenye vyumba vya walimu hayatofautiani sana: mtoto ametoka, amepata njia, akishafika atajijua, na baada ya miaka michache atawavuta wadogo zake.

Imani hiyo ina wapinzani, nao hawakosi la kusema. Mwaka umepotea, wanasema. Wenzake watafanya mtihani wa taifa yeye akiwa anacheza na theluji, kisha atarudi mikono mitupu. Kwa juu juu makundi haya mawili yanavutana. Kwa undani yanakubaliana, maana yote mawili huupima mwaka huo kwa cheti na viza: la kwanza linaamini vitapatikana, la pili linajua havitapatikana. Ni kweli kwamba havitapatikana. Lakini programu hizi hazikuwahi kuundwa ili zivitoe, na anayezipima kwa kipimo hicho huwa anaitathmini safari ambayo haikuwahi kuwapo.

Asili yake inaonyesha hivyo. Shirika la AFS, ambalo ni miongoni mwa makongwe katika kazi hii kwa upande wa Marekani, lilianza mwaka 1915 likiwa kikosi cha vijana wa kujitolea waliokuwa wakiendesha magari ya wagonjwa nchini Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi kikarudi kazini katika Vita vya Pili. Vita vilipokwisha, madereva hao wakiongozwa na Stephen Galatti walikutana mwaka 1946 na kuamua kwamba shirika lao libaki hai kwa kazi nyingine: kuwaleta vijana wa nchi zilizokuwa zikipigana wakaishi katika nyumba za Wamarekani. Wa kwanza walifika mwaka 1947. Watu hao walikuwa wamebeba maiti na majeruhi wa mataifa mbalimbali, na hoja yao ilikuwa ya moja kwa moja: mtu aliyekula mezani kwa familia fulani akiwa na miaka 16 hatashawishika kirahisi kuipiga bomu akiwa na miaka 30. Hoja hiyo inaweza kubishaniwa. Ila haikuwa hoja ya elimu, sembuse ya ajira.

Programu za serikali zilizofuata nazo zilizaliwa na siasa za nje. FLEX, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1993, iliwalenga vijana wa nchi zilizotoka katika Umoja wa Kisovieti uliovunjika. YES ilianzishwa mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Waislamu, na baadaye ikapewa majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Kijana wa Mombasa au Unguja hakuitwa kwa sababu Marekani ilikuwa na upungufu wa wanafunzi. Aliitwa ili Wamarekani wa miji midogo wamwone Mwislamu wa Afrika Mashariki kwa macho yao, naye awaone.

Mbona basi watu wakaelewa vingine? Kosa hili lina historia ya heshima, wala halitokani na ujinga. Mwaka 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kuelekea Marekani, matunda ya juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na marafiki zake wa huko. Hadi mwaka 1963 walikuwa wamekwenda wanafunzi wapatao 800, wengi wao Wakenya. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kusaidia safari hizo. Wangari Maathai aliondoka mwaka huo huo, akasoma biolojia katika chuo cha mji mdogo wa Atchison, Kansas, na miaka 44 baadaye akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Nafasi za chuo kikuu katika eneo zima zilikuwa chache, Makerere ikiwa ndiyo tegemeo, na uhuru ulikuwa mlangoni. Waliorudi na shahada walikuta viti vya ofisini vinawasubiri. Ile ilikuwa ngazi, na walioipanda walifika juu kweli.

Wajukuu wa kizazi hicho wanaposikia jina la Kennedy, ndege na Marekani, huona ngazi ile ile. Tofauti ni kwamba abiria wa 1959 walikwenda kusoma shahada, kwa miaka minne au zaidi, wakiwa watu wazima. Mwanafunzi wa YES huenda kwa miezi kama kumi, akiwa mtoto kisheria, kusoma darasa ambalo huenda alikwisha kulisoma nyumbani. Kuzichanganya safari hizi mbili ni kumdai mtoto wa miaka 16 matunda ya mtu wa miaka 25.

Masharti yenyewe hayafichi kitu. Mwanafunzi huingia kwa viza ya J-1, ambayo ni ya kubadilishana tu, na programu ikiisha anapewa siku 30 za kuondoka. Akiwa amelipiwa na serikali, kama walivyo wa YES, sheria humtaka akae nchini kwake jumla ya miaka miwili kabla ya kuomba viza fulani za kazi au ukaazi wa kudumu Marekani. Haimkatazi kurudi kama mwanafunzi wa chuo, lakini huko atashindana sawa na mwombaji mwingine yeyote. Haruhusiwi kuajiriwa, isipokuwa vibarua vya hapa na pale kama kulea mtoto wa jirani jioni moja au kukata majani ya uwanja. Hachagui jimbo wala mji. Anayeota New York anaweza kujikuta Nebraska, katika mji wenye barabara moja kuu na ghala la mahindi.

Kwa upande wa vyeti hali ni hiyo hiyo. Shule nyingi za Marekani hazimpi mwanafunzi wa aina hii cheti cha kuhitimu. Humpa orodha ya masomo na alama. Orodha hiyo haisaidii chochote mbele ya KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo vikuu vya Kenya kwa matokeo ya mtihani wa KCSE, wala haichukui nafasi ya mtihani wa NECTA nchini Tanzania. Tena wazo la kwamba mtoto anakwenda kupata elimu bora kuliko ya nyumbani halisimami lenyewe. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyefanya vizuri kiasi cha kuchaguliwa mara nyingi hukuta hisabati ya darasa alilopangiwa ni rahisi kuliko aliyoizoea. Anachokuta kigeni ni maabara iliyo wazi, mwalimu anayetaka kubishiwa, na timu za michezo zinazopewa uzito ambao hapa hupewa mtihani wa majaribio.

Kuna hasara nyingine ya kuifanya safari hii njia ya kuhamia, na hiyo huwaangukia wengine. Mwaka 2014 Urusi ilijitoa katika FLEX baada ya mwanafunzi mmoja kubaki Marekani muda wake ulipokwisha. Maelfu ya Warusi walikuwa wameshapita katika programu hiyo tangu 1993. Uamuzi wa Moscow ulikuwa na siasa zake, maana mwaka huo uhusiano wa nchi hizo ulikuwa umeharibika kwa sababu ya Ukraine, lakini kisingizio kilitolewa na mtoto mmoja. Mzazi anayemnong'oneza binti yake uwanja wa ndege kwamba akipata upenyo asirudi, anauchezea mwaka wa watoto ambao bado wako Kidato cha Kwanza.

Wanaosema mwaka umepotea wana hoja moja yenye nguvu, nayo ni kalenda. Shule za Kenya, na za Tanzania hadi Kidato cha Nne, huanza Januari. Za Marekani huanza Agosti au Septemba na kufungwa Mei au Juni. Mwanafunzi anayeondoka Agosti akiwa Kidato cha Tatu hurudi wenzake wakiwa katikati ya Kidato cha Nne, miezi michache kabla ya mtihani. Hawezi kuuparamia. Hushuka darasa moja, huvaa sare ile ile na watoto waliokuwa wakimwita kaka, na humaliza mwaka mmoja nyuma ya rika lake. Hilo ni gharama, na programu inayomwambia mzazi kwamba hakuna gharama inamdanganya.

Lakini gharama si hasara. Nchini Ujerumani, ambako mwaka wa ng'ambo ukiwa sekondari ni jambo la kawaida na ambako bunge la nchi hiyo na lile la Marekani yamekuwa yakiendesha programu ya pamoja tangu 1983, familia nyingi hulijua mapema suala la kurudia darasa na hulipanga. Mtu anayeishi miaka 70 hafilisiki kwa kumaliza sekondari akiwa na miaka 19 badala ya 18. Katika Afrika Mashariki yenyewe, wanafunzi wengi wamechelewa mwaka au miwili kwa sababu ya karo, ugonjwa au kurudia mtihani, na hakuna anayewaita waliopotea. Kinachofanya mwaka wa ng'ambo uitwe hivyo ni matarajio: ngazi iliyotarajiwa haikuonekana.

Hoja ya pili ya wapinzani, kwamba mtoto ataharibika, ni dhaifu zaidi, ingawa ndiyo husemwa kwa sauti. Familia nyingi zinazoitoa zimekwisha kumpeleka mtoto huyo huyo shule ya bweni akiwa na miaka 13 au 14, mahali ambapo hulala chumba kimoja na vijana kadhaa, chini ya uangalizi wa mwalimu mmoja wa zamu, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nani huuliza anachojifunza bwenini saa nne usiku? Kwa familia mwenyeji, mtoto ana watu wazima wawili au hata mmoja ambao lazima wajue alipo kila jioni. Kati ya mipango hiyo miwili, wa bweni ndio wenye maswali mengi zaidi ya kujibu.

Baada ya kuviondoa cheti, viza na hofu, kinachobaki ni nyumba. Hapo ndipo mwaka huu una kitu ambacho hakipatikani kwa njia nyingine yoyote, si utalii, si chuo kikuu wala si mtandao. Mwanafunzi wa chuo ng'ambo huishi na wanafunzi wenzake, mara nyingi wageni kama yeye. Anaweza kumaliza miaka minne bila kuingia jikoni kwa mwenyeji. Mfanyakazi mhamiaji huingia nyumba za watu kwa mlango wa kazi. Mwanafunzi wa sekondari peke yake ndiye huingia akiwa mtoto wa nyumba, na familia hiyo hailipwi kwa kumpokea. Kanuni zinakataza, na sheria ya kodi huipa nafuu ndogo tu ya hadi dola 50 kwa mwezi. Hivyo anayefungua mlango anafanya hivyo kwa sababu zake: watoto wake wamekua na kuondoka, ana kijana wa rika hilo, au kanisa lake limemhamasisha.

Mswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marekani jembe hutolewa siku ya kwanza, na kwa kijana wa tabaka la kati wa Nairobi au Dar es Salaam, aliyekua na dada wa kazi nyumbani, hilo ni somo zito kuliko yote. Kuna ratiba ya kazi kwenye mlango wa jokofu. Baba wa nyumba huosha vyombo. Kila mtu hufua nguo zake na kusafisha choo anachokitumia, na wakati wa baridi theluji ya mlangoni haimsubiri mtu. Mtoto hutakiwa kusema anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, lakini pia huulizwa maoni yake, na kunyamaza kwa adabu, alikofundishwa kwao kuwa ndiyo heshima, huku huchukuliwa kuwa kununa. Inambidi ajifunze kumjibu mtu mzima huku akimtazama usoni, na pia ajue kwamba akirudi Tanga ataiacha desturi hiyo huko huko Marekani.

Kisha huja yale yasiyoonyeshwa kwenye filamu. Familia ina gari kubwa na pia ina deni la hospitali. Wazazi wanafanya kazi mbili. Bibi yuko peke yake katika makao ya wazee umbali wa saa mbili, na anatembelewa Jumapili. Jirani hajulikani jina. Chakula cha jioni huliwa saa kumi na mbili, na mtu asiyekuwepo hubakishiwa sahani au habakishiwi. Kijana anayeishi miezi kumi ndani ya hayo hupata maarifa ya Marekani ambayo wengi waliohamia huyapata baada ya miaka mingi, na kwa uchungu. Bila kukusudia, mwaka huu ni dawa ya tamaa ileile ambayo wazazi wanategemea uitimize.

Na familia nayo hufundishwa. Ramadhani ikiingia katikati ya muhula wa pili, nyumba nzima hujifunza kwamba kuna mtu anayekula daku saa kumi alfajiri. Mama mwenyeji husoma vibandiko vya vyakula dukani akitafuta mafuta ya nguruwe. Kaka wa nyumba hugundua kwamba mgeni wake anazungumza lugha tatu, naye moja. Mwezi wa Novemba, katika Wiki ya Elimu ya Kimataifa, mwanafunzi husimama mbele ya madarasa na kueleza Lamu iko wapi na kwa nini si kweli kwamba watu wote wa huko huishi na simba. Kazi hiyo hufanywa bila mshahara na mtoto, na balozi aliyelipwa vizuri hawezi kuifanya kwa ukaribu huo.

Wanaoiita programu hii propaganda wana nusu ya ukweli. Pesa ni za serikali, na serikali hazitoi pesa bila nia. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: mkondo huenda upande mmoja. Mwaka 2009 ilianzishwa YES Abroad ya kuwapeleka vijana wa Marekani katika baadhi ya nchi za YES, lakini idadi yao imekuwa ndogo mno ikilinganishwa na wanaokwenda Marekani, na nyumba za Waswahili zilizowahi kumlea mtoto wa Kimarekani kwa mwaka mzima ni za kutafuta kwa tochi. Hata hivyo propaganda huhitaji kudhibitiwa, na hakuna wizara inayodhibiti kinachosemwa mezani kwa mtu saa kumi na mbili jioni. Familia moja itamwonyesha kijana ukarimu, nyingine ubaguzi, nyingine vyote viwili kwa wiki moja. Anarudi na Marekani aliyoishi, ambayo si lazima iwe ile aliyotumwa kuiona.

Ikiwa nyumba ndiyo kila kitu, hatari nayo iko kwenye nyumba. Mwaka 2009, mjini Scranton, Pennsylvania, iligundulika kwamba wanafunzi kadhaa wa kigeni walikuwa wamewekwa katika nyumba chafu, baadhi wakikosa chakula cha kutosha. Kashfa hiyo ilichangia kukazwa kwa kanuni mwaka uliofuata. Sasa kila mtu mzima anayeishi katika nyumba hiyo lazima achunguzwe rekodi ya uhalifu, nyumba ikaguliwe na kupigwa picha, kikiwemo chumba cha mwanafunzi na jiko, na mratibu wa eneo awe anaishi ndani ya maili 120 na kuwasiliana na mwanafunzi kila mwezi. Kanuni ni nzuri kwa kiasi zinavyotekelezwa. Mratibu akiwa rafiki wa familia mwenyeji, mtoto hulalamika kwa nani?

Hapa ndipo fikra ya ngazi inapodhuru kweli. Mzazi anayeamini kwamba amepata tiketi hauliziulizi, maana anaogopa kuonekana hana shukrani. Katika vikao vya maandalizi maswali huwa ya jimbo, shule, uwezekano wa chuo. Maswali yanayofaa ni mengine: ni nani wanaishi katika nyumba hiyo, chumba cha mtoto kina mlango unaofungika, msikiti au kanisa liko umbali gani na nani atampeleka, mratibu ni nani na anahusianaje na familia, na mtoto akitaka kuhama nyumba utaratibu ukoje. Kuhama si aibu. Hutokea kila mwaka, na shirika la Rotary, katika programu yake lenyewe, humhamisha mwanafunzi kwa makusudi kati ya familia mbili au tatu. Lakini mtoto aliyeambiwa kwamba ukoo mzima umemwekea matumaini huvumilia nyumba mbaya hadi Juni, asije akaonekana amechezea bahati.

Matumaini hayo hayo humsubiri uwanja wa ndege anaporudi. Swali la kwanza la ndugu, baada ya salamu na zawadi, huwa: mbona umerudi? Kijana ametii sheria, ametimiza ahadi aliyotia sahihi yeye na wazazi wake, na anapokelewa kama aliyeshindwa. Shuleni hukuta kejeli za aina nyingine, juu ya Kiingereza chake cha puani. Mkuu wa shule asiyejua programu humwandika kama mtoro aliyerejea, na nafasi yake ya bweni imekwisha kutolewa.

Mambo haya yanaweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Nchini Tanzania mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba na Kidato cha Tano huanza Julai. Anayeondoka Agosti baada ya kumaliza Kidato cha Nne akarudi Juni huchelewa mwaka mmoja kamili kuanza Kidato cha Tano, bila kuukata mtaala katikati, na kwa miaka saba ya msingi na minne ya sekondari bado yuko ndani ya kikomo cha miaka 11 ya masomo kinachowekwa na kanuni za Marekani, ilimradi hajapita miaka 18 na nusu. Kinachohitajika ni nafasi yake ya Kidato cha Tano ihifadhiwe kwa maandishi. Nchini Kenya, ambako sekondari ya juu ya mfumo mpya imeanza na Darasa la 10 mwezi wa Januari 2026, taratibu bado zinaandikwa, na kipengele cha mwanafunzi aliye nje kwa mwaka mmoja kinaweza kuingizwa sasa kuliko baadaye. Shule inaweza kumwandikia barua kabla hajaondoka, ikitaja darasa atakalorejea na tarehe.